Loki ya Mafuta na Mikono ya Musa

Somo: Kutoka 17:8–13

Kila usharika huandika taarifa ya mwaka. Ukurasa wa kwanza ni wa watu: waliobatizwa, waliopata Kipaimara, waliofunga ndoa, waliolala katika Bwana. Pikipiki haimo katika ukurasa huo. Iko nyuma kabisa, kwenye matumizi, katikati ya petroli, oili na tairi ya nyuma. Hata hivyo sisi tunaotumika vijijini tunajua kwamba namba nyingi za ukurasa wa kwanza zimefika pale zikiwa zimepakiwa kwenye pikipiki. Mkate na divai husafiri ndani ya begi mgongoni. Kitabu cha ibada husafiri kikiwa kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni kwa sababu ya vumbi. Na kinachovipeleka vyote hivyo, kilomita baada ya kilomita, ni mkono mmoja wa kulia.

Tafakari hii inahusu mkono huo na kifaa kidogo tulichokifunga ili upumzike. Tunasema "sisi" kwa sababu pikipiki yetu ni moja na waendeshaji ni wawili, mchungaji na mwinjilisti. Anayeshika kalamu ni mchungaji, lakini jambo lenyewe lilitupata wote wawili, na mwinjilisti amekubali liandikwe ili liwafae wengine.

Usharika wetu uko mkoani Singida, na mitaa yake imetawanyika kando ya barabara kuu iendayo Nzega. Wanaoijua barabara hiyo wanajua uzuri wake: lami iliyonyooka, mawe makubwa yaliyopangwa na Mungu mwenyewe juu ya vilima, mashamba ya alizeti, na upepo usiochoka. Kisha barabara inafika Sekenke, inashuka kwa kona kali, na chini yake imelala mbuga ya Wembere. Baadhi ya mitaa yetu iko juu, mingine iko chini. Jumapili ya Meza ya Bwana tunaweza kuhudumu mitaa mitatu kabla jua halijazama.

Asiyeendesha pikipiki hudhani kwamba kinachochoka ni mgongo. Mgongo huchoka kweli, lakini mtu anaweza kujinyoosha. Mkono wa kushoto nao hupata nafasi. Ukishaingiza gia ya juu, klachi haina kazi tena, na mkono huo unaweza kulala juu ya paja au kumpungia mshirika aliye shambani. Mkono wa kulia hauna ruhusa hiyo. Unashika breki ya mbele, na huo huo unashika mafuta. Ndani ya kabureta kuna springi ambayo kazi yake ni kuyafunga mafuta kila dakika. Mwendeshaji akilegeza mkono, springi inavuta waya, mafuta yanafungwa, na pikipiki inaanza kusimama. Springi hiyo imewekwa kwa hekima, kwa maana mtu akianguka pikipiki isiendelee kumkimbiza. Lakini maana yake ni kwamba katika safari ya saa mbili, mkono wa kulia unashindana na springi kwa saa mbili.

Mkono wa mwinjilisti ndio uliokufa ganzi kwanza. Ilianza kwenye dole gumba, kidole cha shahada na cha kati. Kidole kidogo kilibaki kizima. Akawa anaamka usiku na kuukung'uta mkono kama mtu anayekung'uta maji. Asubuhi alishindwa kufunga vifungo vya shati, mkewe akamfungia. Miezi michache baadaye mkono wa mchungaji ukafuata. Siku moja, wakati wa kugawa divai, mama mmoja mzee alipokea kikombe, akanywa, kisha hakuondoka. Akanong'ona, "Baba Mchungaji, mkono wako una nini? Kikombe kinatetemeka."

Daktari alitueleza kwa kutumia mkono wake mwenyewe. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba kama mfereji, yenye mifupa upande mmoja na ukano mgumu upande wa pili. Ndani yake hupita kano zinazovuta vidole, pamoja na neva moja kubwa. Mkono ukikaa umepinda kwa muda mrefu, umebana kitu, huku unatikiswa, njia hiyo hujaa na neva hubanwa. Neva hiyo huhudumia dole gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole kidogo kina neva yake nyingine, ndiyo maana kilipona. Akatuambia tuvae banzi usiku ili kifundo kinyooke, tupunguze kubana, na tupunguze safari. Mawili ya kwanza yaliwezekana. La tatu tulilisikia tukatazamana, kwa sababu mitaa haiwezi kusogezwa.

Baada ya hapo mwinjilisti aliandika barua. Alikuwa ametumika miaka kumi na tisa. Barua ilikuwa fupi, ya heshima, na haikumlaumu mtu. Aliomba apumzishwe utumishi kwa sababu za afya. Wakati huo mtaa wetu wa mbali zaidi ulikuwa unajengewa kuta, na watoto wa Kipaimara walikuwa katikati ya mafundisho. Kama angeondoka, kazi ile ingebaki kwa mkono mmoja unaotetemeka.

Baraza la wazee lilikaa. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba maumivu ya mtumishi ni jambo la imani, wala si la hospitali peke yake. Mzee mmoja alisema kwamba wainjilisti wa zamani walitembea kwa miguu na hawakulalamika. Mwingine alisema tufunge na kuomba, Bwana ataondoa ganzi, na kutafuta vifaa ni kupungukiwa imani. Wa tatu alikuwa amesikia kwamba kuna kitu kinachoshika mafuta yenyewe, naye aliogopa. "Pikipiki ijiendeshe? Basi tuandae na jeneza."

Mama mmoja, mzee wa kanisa, aliwajibu wote kwa utaratibu. Kwa yule wa kwanza alisema, "Wale wa zamani walitembea, ndiyo, lakini hawakutembea peke yao, na walipofika kijijini walipewa maji ya kuoga na kitanda. Mwinjilisti wetu akifika hapa tunampa nini? Tunampa ratiba." Kwa wa pili alisema kwamba yeye huomba kila siku apate mkate, na bado hulima. Kwa wa tatu hakuwa na jibu, akasema aulizwe fundi.

Jibu lake kwa yule wa pili ni mafundisho ya Kanisa letu kabisa. Katika Katekisimo Ndogo, anapoeleza kipengele cha kwanza cha Imani, Luther anaanza na vitu vya kawaida mno: mwili, macho, masikio, viungo, akili, nguo, chakula, nyumba. Hivyo vyote anavihesabu kuwa kazi ya Mungu Muumbaji. Hatuoni hapo mpaka kati ya mkono wa Mungu na mikono ya daktari, mkulima na fundi. Mungu hutulinda kupitia watu na vitu alivyoviumba. Anayeomba uponyaji kisha akakataa banzi amefanana na mtu anayeomba mvua kisha akafunika shamba lake.

Lipo pia neno la kusema juu ya msalaba. Tumezoea kuyaita maumivu yote msalaba, na kumsifu mtumishi kadiri anavyoumia. Lakini msalaba ni ule unaotujia kwa kumfuata Kristo na kumpenda jirani. Waya mkavu usiotiwa oili si msalaba. Mkono wa breki uliofungwa juu mno hata kifundo kikapinda si msalaba. Hayo ni matengenezo tu. Kanisa likishindwa kutofautisha, litawazika watumishi wake mapema na kuwaimbia nyimbo nzuri.

Basi tukaenda kwa fundi. Yeye ni Mwislamu, na gereji yake iko chini ya mwembe karibu na stendi. Alisikiliza, akauzungusha mkono wa mafuta mara mbili tatu, akatikisa kichwa. "Mchungaji, loki nitakufungia, lakini si leo. Loki haiwekwi kwenye mkono unaokwama. Ukiweka hapo, utakuwa umeuficha ugonjwa."

Tuliyoyaona siku zile yalikuwa kama mafundisho ya Kipaimara. Kwanza alichomoa waya wa mafuta, akaumiminia oili taratibu hadi ikatokea upande wa pili. Akavua mpira wa mkono, akasafisha bomba la plastiki linalozunguka juu ya usukani, akalikausha. Akarekebisha waya ili mkono uzunguke milimita chache kabla haujaanza kuvuta. Akaachia, na mkono ukarudi wenyewe kwa mlio mdogo wa "tak". Akarudia mara kadhaa. "Sauti hii ndiyo ninayoitaka," alisema. Kisha akalegeza mkono wa breki, akaushusha kidogo, akamwambia mwinjilisti akae juu ya pikipiki na kunyoosha mkono. Kifundo kilichokuwa kimepinda kwa miaka sasa kilinyooka. Akaongeza unene wa mpira wa mkono, kwa maana kitu chembamba hubanwa kwa nguvu zaidi. Loki bado, na tayari nusu ya kazi ilikuwa imefanyika.

Kifaa chenyewe ni kidogo na si kigeni. Pikipiki za zamani za BMW za Ujerumani zilikuwa na skrubu ndogo kwenye mkono wa mafuta ya kuukazia usirudi haraka, na Harley-Davidson za zamani za Marekani zilikuwa nayo pia. Siku hizi vinauzwa vya aina nyingi, vya plastiki na vya chuma. Fundi wetu alitengeneza chake. Alikata ukanda wa aluminiamu, akaukunja uwe pete yenye mdomo wazi, akaulaza ndani kipande cha tyubu ya baiskeli, akaweka skrubu yenye nati ya kukazwa kwa vidole. Pete hiyo inauzunguka mpira wa mkono kwa nje. Ina ulimi mfupi unaotokeza mbele na kulala juu ya mkono wa breki. Mwendeshaji akishafikia mwendo anaoutaka, anausukuma ulimi kwa dole gumba mpaka uguse mkono wa breki. Springi inavuta, ulimi unazuia, na mafuta yanabaki pale yalipo. Akitaka kuyafunga, anauzungusha mkono mbele kama kawaida, nao mpira unateleza ndani ya pete.

Kuteleza huko ndiko kulikochukua muda. Ukikaza mno, pete inakuwa kufuli. Ukilegeza mno, haishiki. Fundi alikaza, akalegeza, akakaza tena robo mzunguko. Kisha akamwita mtoto wake wa miaka kama kumi na minne, aliyekuwa anatoka shule. Akafunga loki, akamwambia mtoto azungushe mkono wa mafuta hadi ufunge. Mtoto alizungusha bila shida. "Basi," fundi akasema. "Ikishindwa na mkono wa mtoto, itashindwa na wenu hata mkiwa na hofu."

Hakuishia hapo. Aliwasha injini, akaiacha kwenye sailensa, akageuza usukani hadi mwisho wa kushoto, kisha hadi mwisho wa kulia, akisikiliza kama injini itapanda. Haikupanda. Akabana breki ya mbele huku loki imefungwa, kuona kama ulimi unaizuia. Haukuizuia. Akatuonyesha swichi ya kuzimia injini, akataka kila mmoja aiguse akiwa amefumba macho. Kisha akatupa sheria zake: lami tupu, iliyonyooka, mchana, bila abiria. Usitumie mjini, kwenye matuta, penye ng'ombe, kwenye mchanga, wakati wa mvua, wala kwenye mteremko. Mkono uwe juu ya mpira au karibu nao. Pumziko ni la nusu dakika au dakika moja, vidole vikunjuliwe na kukunjwa, damu irudi. "Hii haiendeshi," alisema. "Hii inamshikia anayeendesha."

Katika safari za kwanza tuligundua jambo ambalo wengi hulikosea. Loki inashika mafuta, haishiki mwendo. Mkono umebaki palepale, lakini barabara ikipanda kidogo pikipiki inapungua, na ikishuka kidogo inaongeza. Upepo wa Singida ukikujia usoni unakurudisha nyuma, na ukikujia mgongoni unakusukuma. Kwa hiyo macho hayapumziki hata kidogo. Kinachopumzika ni misuli tu.

Tangu siku hiyo tumeifikiria sana liturujia yetu. Wapo wanaosema kwamba maombi yaliyoandikwa ni maombi yaliyokufa, kwa sababu mtu husoma tu. Sisi tumesimama madhabahuni siku ambazo moyo ulikuwa mkavu kama Wembere wakati wa kiangazi, labda usiku wa kuamkia siku hiyo tumetoka kuzika mtoto. Siku kama hiyo ungamo la dhambi lililoandikwa, Imani ya Mitume na Sala ya Bwana vimetushika pale ambapo mkono wetu wenyewe ungeachia. Tuliyasema maneno, na maneno yakatubeba hadi kwenye baraka. Kuna wajane wanaoimba wimbo wa kitabuni bila kuutazama, na machozi yanashuka, na wimbo unaendelea. Hilo si ibada iliyokufa. Hilo ni pumziko la mkono uliochoka.

Lakini fundi alituonya, na onyo lake linafaa hapa pia. Loki haiwekwi kwenye mkono unaokwama. Mtu aliyeacha kusema na Mungu kabisa anaweza kukaa miaka ndani ya utaratibu mzuri wa ibada, na utaratibu ukauficha ugonjwa wake. Na kila tunachokifunga kishike lazima kiweze kushindwa na mkono. Farao alikuwa na moyo usioweza kurudi. Alionyeshwa ishara, akaonywa, akaomba kuombewa, na bado alikuwa amejifunga mahali pamoja hadi bahari ilipomfunika. Desturi za usharika, ratiba, vyeo, hata namna ya kupokea sadaka, ni vyema vitushike. Siku Neno linaposema tugeuke, vinapaswa kuteleza. Tuvipime kama fundi alivyopima: je, mtoto wa Kipaimara akisimama na kusema kweli kutoka katika Neno, mazoea yetu yatampisha? Kama nguvu za mtu mzima zinahitajika kuyasogeza, yamekazwa mno.

Kisha kuna Sekenke. Pale juu, kabla ya kona ya kwanza, tunaifungua loki kila mara, hata kama barabara ni tupu. Mteremko haukubali mafuta ya tambarare. Vivyo hivyo kuna siku katika maisha ya mtu, siku ya msiba, ya jaribu, ya uamuzi mzito, ambazo mazoea ya siku za kawaida hayamtoshi. Hapo anahitaji mkono wote, breki zote, na kumwita Bwana kwa maneno yake mwenyewe.

Pamoja na faida zake zote, loki haikumaliza tatizo letu. Ganzi ilipungua, usingizi ukarudi kiasi, kikombe kikatulia. Lakini daktari alikuwa amesema mambo matatu, na la tatu bado lilikuwa limesimama. Kilomita zilikuwa zilezile. Barua ya mwinjilisti ilikuwa bado mezani, haijajibiwa.

Wiki hiyo jumuiya ilikuwa inasoma Kutoka 17. Waamaleki wamewajia Israeli kule Refidimu. Yoshua anapigana bondeni, Musa yuko juu ya kilima na fimbo ya Mungu mkononi. Mikono yake ikiinuka, Israeli wanashinda; ikishuka, Amaleki wanashinda. Na mikono ya Musa ikawa mizito. Biblia haimlaumu Musa kwa hilo. Haisemi alipungukiwa imani wala haimwambii ajikaze. Wanaleta jiwe, wanamkalisha. Kisha Haruni anashika mkono mmoja na Huri anashika mwingine, na mikono ikatulia hadi jua lilipozama.

Katika chuo cha theolojia tulifundishwa kulitazama neno lililotumika pale kwa Kiebrania. Mikono ya Musa ilikuwa "emuna", yaani thabiti, isiyotikisika. Hapo ndipo neno hilo linapoonekana kwa mara ya kwanza katika Biblia. Ni neno lilelile analolitumia nabii Habakuki, katika sura ya pili, anaposema mwenye haki ataishi kwa nini. Ni andiko hilo analolichukua Paulo katika Warumi 1:17. Na ni Warumi 1:17 ambayo Luther alihangaika nayo mpaka, kama alivyosimulia mwenyewe mwaka 1545, alipoona kwamba haki ya Mungu ni zawadi inayopokelewa kwa imani. Mzizi huohuo ndio uliotupa neno tunalolisema mwisho wa kila sala: Amina.

Tufikiri maana yake. Neno ambalo Kanisa letu limesimama juu yake linaingia katika Maandiko likiwa juu ya mikono ya mzee aliyechoka, aliyekalishwa kwenye jiwe, anayeshikwa kulia na kushoto. Uthabiti ule haukutoka kwenye misuli ya Musa. Misuli ilikuwa imekwisha. Ulitoka chini yake, kwenye jiwe asilolichonga, na pembeni yake, kwa ndugu aliowaita na ndugu waliokaa naye. Tukihubiri kwamba tunaokolewa kwa imani, halafu tukaielewa imani kuwa nguvu za kushikilia bila kuchoka, tumeirudisha sheria kwa mlango wa nyuma. Imani ni kushikwa. Kristo ndiye anayetushika, naye hutumia mikono ya watu.

Baada ya somo palikuwa kimya. Kisha yule mama mzee wa kanisa akauliza swali moja. "Loki tumefunga, hilo ni jiwe. Haruni na Huri ni nani?"

Hapo ndipo barua ilipopata jibu. Vijana wawili wenye pikipiki zao za abiria walijitolea kumpeleka mwinjilisti kwenye mitaa ya chini ya Sekenke, kila mmoja Jumapili yake, na usharika ukachangia mafuta. Mwalimu mstaafu wa mtaa wa mbali alikubali kufundisha watoto wa Kipaimara katikati ya wiki, na mwinjilisti anafika mara mbili kwa mwezi badala ya nane. Akina mama waliamua kwamba mtumishi akifika, kwanza anakaa, anakunywa uji, ndipo anaulizwa habari za mtaa. Mwinjilisti aliiomba barua yake irudishwe. Hakusema mengi. Alisema tu kwamba miaka yote alikuwa akiwaombea washirika wapate msaada, na hakujua kwamba hata yeye yumo katika sala hiyo.

Mkono wake haujarudi kama zamani. Siku za baridi vidole vitatu bado vinamsumbua, na daktari amesema huenda upasuaji mdogo ukahitajika. Tunalitaja hili ili msomaji asidhani kwamba tunauza kifaa au muujiza. Loki ipo, inafanya kazi yake kwenye lami tambarare, na kila mwezi fundi anaikagua kama bado inashindwa na mkono wa mtoto.

Ndugu msomaji, inawezekana huendeshi pikipiki. Lakini upo mkono ulioushikilia kwa muda mrefu: mgonjwa nyumbani, mtoto aliyepotea, ndoa, deni, utumishi usiokuwa na mbadala. Na ndani yako kuna springi inayovuta kila dakika. Kuchoka kwako si uthibitisho kwamba umeacha kuamini. Tafuta jiwe, yaani Neno, Meza ya Bwana, sala za Kanisa zinazosema hata pale unapokosa maneno. Kisha mwite Haruni, mwite Huri, kabla jua halijazama.

Na wewe ambaye mikono yako bado ina nguvu, tazama kushoto na kulia kwako Jumapili hii. Mtazame mwinjilisti wako anaposhika kitabu, mzee wa kanisa anapohesabu sadaka, mama anayefagia kanisa siku ya Jumamosi. Huri hatajwi mara nyingi katika Maandiko, na hatuna hotuba yake hata moja. Alishika mkono wa mwenzake mpaka jioni, na hilo lilitosha.

Bwana atushike sote, na atufanye mikono ya kushikana. Amina.